Jiwe Jeusi na Kanuni za Mazombi

Kanuni ya sita niliiandika mimi. Zile nyingine zilitoka vinywani mwa wenzangu nami nikazinakili tu, kwa kuwa ndiyo kazi ya katibu. Lakini ya sita ni yangu, na kila ninapoikumbuka nashtuka, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguka ndani ya nyumba anayojua yuko peke yake.

Kundi letu ni la mwethya, yaani watu wa mtaa mmoja wanaosaidiana kazi za shamba kwa zamu. Kabla ya mvua za vuli tunachimba matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mfereji hutupwa upande wa juu: Jumatatu na Alhamisi kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mpaka zamu izunguke. Tunaishi juu ya Kikima, kwenye miteremko ya Mbooni, ambako shamba lisilo na matuta huondoka na mvua moja. Mimi si mzaliwa wa huku. Nilizaliwa Ikutha, kule chini Kitui, kwenye joto na miiba, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikituma habari kwenye stesheni ya redio: habari za fisi, za visima vilivyokauka, za minada ya mbuzi. Nilipoolewa huku milimani, kundi lilinipa ukatibu kwa hoja kwamba nimezoea kuandika maneno ya watu wengine. Daftari langu lina mistari iliyonyooka. Naandika aliyefika, aliyechelewa, na aliyetuma udhuru pamoja na sababu yake.

Habari ya mazombi ilianza wakati wa uji. Mwenzetu mmoja alikuwa na video kwenye simu, aliyotumiwa na binti yake, ya mtu aliyekuwa akieleza kwa uso mkavu namna ya kuokoka siku wafu watakapoamka na kuanza kuuma watu. Weka akiba ya maji. Vaa nguo nzito. Usikimbilie mjini. Tuliitazama tukiwa tumeinama juu ya kile kioo kidogo, mikono ikiwa na udongo. Bibi aliye mkubwa kuliko sisi sote akauliza zombi ni nini. Nikamweleza kwamba ni mfu anayetembea, hana akili wala usingizi, ana njaa tu, na akikuuma nawe unakuwa kama yeye. Alifikiri kidogo, kisha akasema hao wafu wa kigeni hawakulelewa. Wa kwetu zamani waliomba ugoro na pombe kidogo, wakishapewa wananyamaza, wala hakusikia hata siku moja kwamba wamemng'ata mtu.

Hapo ndipo wifi yangu aliposimama. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mjane aliyerudi kujenga kwao, na ndiye mwenyekiti wetu. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na mparachichi mmoja tu. Mume wangu anafanya kazi Kiboko na huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi ni mimi na wifi, jiko moja au jingine. Akapangusa jembe lake kwa kisigino na kusema kwa ile sauti yake ya kikao, "Katibu, andika."

Nikaandika. Kanuni ya kwanza ilisema zombi akionekana asiuawe ovyo, aandikishwe kwenye mwethya, maana hachoki, hanywi uji, na hawezi kutuma udhuru kwamba ana msiba. Ya pili ilisema tusikimbilie barabarani, tukimbie tukipanda, kwa sababu kilima chetu kinawashinda hata watu ambao hawajafa. Mama mmoja wa kanisani alikuwa na wasiwasi kwamba siku ya ufufuo hatutajua yupi ni yupi, kwa hiyo kanuni ya tatu ikawa kwamba aliyefufuka aombwe kuimba wimbo wa kanisa, na akishindwa na ubeti wa pili asifunguliwe mlango. Ya nne ilikuwa ya wifi mwenyewe: aliyeumwa lazima ajitangaze mbele ya kikao, afungwe kwa kamba kwenye mparachichi, kamati ikae, kumbukumbu ziandikwe, ndipo kichwa kikatwe. Ya tano ikaongezwa palepale, kwamba kichwa kisikatwe na jirani mwenye kesi ya mpaka na marehemu.

Watu walikuwa wamekaa chini kwa kucheka. Mimi nami nikataka sehemu yangu.

Kule Ikutha karibu kila nyumba ina jiwe jeusi. Si jiwe hasa, ni kipande cha mfupa uliochomwa, kidogo kama pingili ya kidole. Mtu akiumwa na nyoka huwekewa juu ya kidonda, nalo hung'ang'ania pale likifyonza sumu, kama wanavyoamini watu. Likishiba hudondoka lenyewe, kisha huchemshwa kwenye maziwa ili lisafike, na kuwekwa. Mama yangu alinipa lake nilipokuwa nahamia huku, amelifunga ndani ya kitambaa, nami nikalitia kwenye kopo la majani ya chai yaliyokwisha. Watu wa Mbooni walilicheka miaka yote. Walisema nyoka wa huku wanakufa kwa baridi kabla hawajakuuma.

Kwa hiyo nikaandika, nikasoma kwa sauti: kanuni ya sita, aliyeumwa na zombi awekewe jiwe jeusi la katibu, likidondoka lenyewe, huyo bado ni wetu, likikataa kudondoka, kila mtu ajitafutie njia. Wifi alinifanya niisome mara mbili.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini tulizipenda kanuni zile hivyo, hata Alhamisi iliyofuata watu wakawa wanachimba wakiulizana nani amesahau kanuni gani. Nadhani ni kwa sababu zombi ni adui anayeonekana. Anakuja polepole, ananuka, anaguna, na kila mtu ana kazi ya kufanya dhidi yake. Nilikuwa nimetuma habari za kutosha kujua kwamba hatari yenyewe haiji ikiguna. Inakuja siku ya kazi, inapita, na wewe unaendelea kupika.

Majuma machache baadaye, siku ya Jumapili, baada ya matangazo ya kanisa, afisa wa mifugo aliomba dakika mbili. Alisema upande wa sokoni ameuawa mbwa aliyekuwa akizurura na kuuma ovyo. Kichwa chake kimekatwa na kupelekwa maabara, na majibu yamerudi: ni kichaa cha mbwa. Alizurura siku kadhaa kabla hajauawa na hakuna anayejua alipita wapi. Mwenye mnyama au mtu aliyeumwa aseme mapema. Afisa aliposema neno kichwa, mtu wa benchi la nyuma yangu alinong'ona, "Kanuni ya nne," na benchi zima likatikisika kwa kicheko cha kujizuia. Nilicheka nami. Kisha nikageuka kumtazama wifi, kwa kuwa mzaha huo ulikuwa mali yake. Hakuwa anacheka. Alikuwa akikaza kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa kimelegea.

Nilirudi nyumbani nikiwa na jambo lisilotaka kutulia. Sikujua ni nini. Niliwasha moto, nikainua mkono kwenye rafu kuchukua majani ya chai, na badala ya kopo jipya mkono ukashika lile la zamani. Nikalifungua bila sababu. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikanipanda puani.

Kitambaa cha mama yangu huwa kimefungwa fundo. Sasa kilikuwa kimekunjwa mara nne, vizuri, kama leso ya mkoba. Jiwe lilikuwa na utando mweupe kwenye vitundu vyake. Sikuwa nimelichemsha tangu niolewe. Nilikaa kwenye kigoda na kuhesabu watu wanaoingia jikoni kwangu nisipokuwepo. Nilipata mmoja.

Nikachukua daftari. Nilifanya hivyo kwa utaratibu, kidole juu ya mstari, kwa sababu utaratibu ndio kitu pekee ninachojua kushika. Alhamisi ya siku kumi nyuma, kwenye jina la mwenyekiti, nilikuwa nimeandika: udhuru, tumbo. Niligeuza kurasa kurudi nyuma mpaka mwanzo wa daftari. Hakuwa na udhuru mwingine hata mmoja. Nikakumbuka pia kwamba Jumatatu iliyofuata alikuja kuchimba akiwa amevaa buti za mpira, juani, udongo ukiwa vumbi tupu, na mtu akamtania kwamba anangoja mafuriko.

Nilipita chini ya mparachichi. Wifi alikuwa barazani kwake akichagua mbegu za maharagwe kwenye ungo. Hakuinua macho. Nilimwambia jiwe langu linanuka maziwa.

"Basi limeharibika," alisema. "Litupe."

Nilimwambia aondoe leso nione mguu. Alijaribu mizaha miwili mitatu: kwamba namtazama kama ng'ombe wa mnada, kwamba kama nataka kununua nianze na meno. Nikangoja. Mwishowe akaweka ungo chini, akavuta leso juu ya shavu la mguu wa kushoto. Palikuwa na matundu manne, mawili ya juujuu, mawili yenye kina, yamekauka vizuri kabisa. Katikati yake palikuwa na alama ya duara, nyeusi kidogo, mahali ambapo jiwe lilikaa.

Nilirudi nyuma. Ilikuwa nusu hatua tu, na nilikuwa nimeshaifanya kabla sijaijua.

"Umejiona?" wifi alisema. "Na wewe ni wangu. Sasa wale wengine je?"

Alinisimulia akiwa anatazama maharagwe. Alikuwa anateka maji kijitoni alfajiri. Mbwa alikuja kwenye njia, habweki, kichwa chini, taya limelegea na mate yakining'inia. Hakukimbia. Alitembea vilevile kama wale wa kwenye video, wifi alisema, na ndilo lililomfanya asimame akamwangalia badala ya kuondoka. Akamuuma, akamwachia, akaendelea na safari yake kama mtu aliyegonga mlango usio wake. Wifi alinawa kwa maji ya kijito. Aliporudi alitaka kuniita, kisha akaona jinsi itakavyokuwa: kikao, mparachichi, kamba, kila mtu akicheka, na baada ya kucheka kila mtu akisogeza kikombe chake. Mzaha alikuwa ameutunga yeye, angeweza kusikia kila neno kabla halijasemwa. Kwa hiyo akangoja nitoke, akachukua jiwe. Lilishika. Kabla ugali haujaiva likadondoka lenyewe.

"Si uliandika?" aliniambia. "Likidondoka, bado ni wenu."

Hakuwa mjinga, na hakuamini mazombi. Alikuwa na kidonda, na jirani mwenye dawa ya vidonda vya kung'atwa. Na mimi nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Miaka ile ya redio nilitumwa kwenye nyumba moja huko Kitui ya mtu aliyekuwa ameumwa na mbwa wiki kadhaa kabla. Nilisimama nje ya dirisha. Nilisikia kikombe cha maji kikiletwa karibu naye, na nilisikia sauti aliyoitoa alipokiona. Habari niliyotuma ilikuwa ya sentensi tatu. Ile sauti sikuiandika popote. Jambo nililojifunza siku ile ni kwamba dalili zikishaanza hakuna dawa, na kabla hazijaanza mtu anaonekana mzima, anachagua maharagwe, anatania.

Zahanati ilikuwa imefungwa, Jumapili. Niliosha kile kidonda kwa sabuni na maji ya mtungi, tena na tena, ingawa nilijua kwamba nimechelewa kwa siku kumi. Wifi aliniuliza kama namtoa ngozi au namwosha. Mikono yangu haikutaka kuacha.

Asubuhi tulikuwa wa kwanza mlangoni. Muuguzi alisikiliza, akaangalia, uso wake ukabadilika kidogo, akatuambia chanjo haipo pale, twende hospitali kubwa na tusipitie popote. Tulikwenda kwa bodaboda mbili, yeye mbele. Njia nzima nilitazama mgongo wake. Kila alipogeuza shingo kukwepa vumbi nilijiuliza kama ni vumbi au ni upepo, maana nilikuwa nimesikia kwamba wengine huogopa upepo kabla hawajaanza kuogopa maji.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimchoma sindano ya begani na nyingine kuzunguka kidonda, akampa tarehe za kurudi. Aliuliza tulitumia nini nyumbani. Wifi alinyamaza kwa ajili yangu. Nikasema ni jiwe jeusi, na ni langu. Daktari akaandika bila kuinua kichwa, akasema kwamba jiwe halijui lolote kuhusu mbwa. Laiti angenigombeza. Nilimuuliza kama tumewahi. Alisema mguu uko mbali na kichwa, na hilo ni jema. Amalize sindano zote. Kuhusu hayo mengine, tuangalie.

"Tuangalie nini?" nilimuuliza.

"Maji," alisema. "Kama anakunywa."

Tangu siku ile kila asubuhi nilivuka mparachichi na kikombe cha maji. Siku ya kwanza nilijifanya ni maji ya kumezea dawa ya maumivu. Siku ya pili sikuwa na sababu, nikampa tu. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akanywa polepole, huku macho yake yakiwa juu ya ukingo wa kikombe yakiangalia macho yangu yalikoangalia, yaani kooni mwake. Nilihesabu mafundo. Akarudisha kikombe na kusema, "Andika kwamba mwenyekiti amekunywa." Sikucheka. Niliandika kweli, nyuma ya daftari, safu ya alama ndogo.

Asubuhi moja ya wiki ya pili alipaliwa. Fundo moja lilienda kombo, maji yakamtoka puani, akashika shingo kwa mikono miwili. Kikombe kilianguka kwenye saruji, nami nikabaki nimeganda. Najua ilikuwa muda mfupi sana. Katika muda huo nilisikia ile sauti ya Kitui, dirisha lile, kikombe kile. Wifi alikohoa mpaka akapata pumzi, macho mekundu, na akaona uso wangu. Ndipo yeye mwenyewe akaogopa. Aliinama akaokota kikombe, akaingia ndani, akarudi kimejaa, akanywa chote mbele yangu bila kupumzika, kisha akakigeuza chini juu nione kwamba hakuna kilichobaki.

Alhamisi ile, wakati wa uji, hakungoja mtu amtanie kuhusu buti. Alisimama na kusema, "Katibu, andika. Mwenyekiti ameumwa na yule mbwa. Anachomwa sindano. Anajitangaza kwa mujibu wa kanuni ya nne."

Hakuna aliyecheka. Mama wa kanisani alikuwa amekaa karibu naye kwenye gogo, na nikaona, kwa sababu kuona ndio ugonjwa wangu, akivuta kikombe chake kuelekea kwake, kidogo tu. Wifi naye aliona. Wakati huo yule bibi mkubwa akainuka upande wa pili, akaja polepole na fimbo yake, akasimama mbele ya gogo.

"Zombi," alisema, "sogea, nikae."

Wifi akasogea. Bibi akakaa, akachukua kikombe cha wifi, akanywa uji uliobaki, akalalamika kwamba hauna sukari. Baadhi yetu tulicheka. Baadhi walitazama matuta. Mama wa kanisani alilia, na baadaye akaomba radhi, ingawa hakuna aliyemshtaki.

Siku hiyo nilitaka kuing'oa ile karatasi ya kanuni kutoka kwenye daftari. Wifi alikataa. Alinikumbusha kwamba kumbukumbu za kikao hazing'olewi wala hazifutwi kwa wino mzito. Hukatwa kwa mstari mmoja, ili anayesoma aone palikuwa na nini, na katibu na mwenyekiti waweke sahihi pembeni. Ndivyo nilivyowafundisha mimi mwenyewe. Nikapiga mstari juu ya kanuni ya sita. Maneno yote bado yanasomeka. Sahihi yangu imepinda, yake imenyooka. Jiwe nililirudisha Ikutha kwa mama, nikamweleza, naye akalipokea bila kuniambia kama ataliweka au atalitupa.

Sindano zimekwisha sasa. Daktari anasema ameridhika, lakini nilipombana kama tulivyokuwa tukiwabana watu zamani redioni, alikiri kwamba kuna waliokaa miezi mingi kabla ya chochote kuonekana, na kwamba asiye na subira asimtazame mgonjwa wa namna hii. Mvua imekuja. Matuta yameshika maji. Maharagwe aliyoyachagua wifi siku ile yametoa maua.

Leo asubuhi nimevuka na kikombe kama kawaida. Alikuwa na maneno mengi: mbuzi aliyeingia shambani, zamu ya Jumatatu, ndugu yake ambaye hajapiga simu kutoka Kiboko. Alikipokea kikombe, akakiweka juu ya ukuta wa baraza, akaendelea kuzungumza. Maji yalitulia, jani la mparachichi likaangukia humo. Alilitoa kwa kidole na kuendelea na habari ya mbuzi. Nilikuwa na kazi nyumbani, moto niliuacha ukiwaka chini ya sufuria. Niliitikia, nikauliza ni mbuzi wa nani, nikasimama palepale nikimngoja anywe.